Tangi Linalovuja: Lioshe, Lizibe, Usiingie Peke Yako

(Maneno haya yalisemwa na kamati ya maji ya kikundi kimoja cha Ukambani, mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa.)



Tumeombwa tuseme juu ya tangi la maji ya mvua: namna ya kuliosha, na namna ya kuliziba likianza kuvuja. Sisi si mainjinia. Ni wakulima na wafugaji wa mbuzi kama ninyi. Tulicho nacho ni yale yaliyotupata, na mengine tuliyofundishwa na fundi wetu na mhudumu wa afya baada ya kukosea. Tutasema na makosa yetu, kwa sababu mkisikia mazuri tu mtakwenda nyumbani bila faida.

Tangi letu tulilijenga mwaka 2009 kwa nguvu ya mwethya. Ni la simiti na waya, lenye mfuniko wa simiti juu na mlango mdogo wa kuingilia. Upana wake ni mita mbili na nusu, kimo chake mita mbili. Linachukua karibu lita 10,000. Akina mama walibeba mchanga na maji kwa migongo, wanaume wakachimba msingi, fundi akasuka waya. Siku ya kulifungua tulichinja mbuzi, tukaimba, tukapiga picha.

Sasa tuwaulize. Ni nani kati yenu ambaye kikundi chake kilichagua mtu wa kuliangalia tangi baada ya siku ile ya mbuzi? Mnacheka. Sisi pia hatukuchagua.

MAJI YANAVYOKWENDA BILA KELELE

Mvua za Oktoba hadi Desemba 2019 zilikuwa kubwa, mnakumbuka. Tangi lilijaa likamwagika. Wakati huo huo mama mmoja akaona chini ya ukuta, upande wa jua la jioni, pana unyevu na nyasi mbichi. Akasema kwenye mkutano. Tukamjibu, "Ni jasho la tangi hilo, litakauka." Tukaendelea na mambo ya kuku.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii sote tunaijua tangu utotoni, lakini tulidhani ni ya ndoa na majirani tu. Kumbe ni ya tangi hasa.

Tupige hesabu pamoja. Kwa tangi la upana kama wetu, maji yakishuka kwa kimo cha sentimita moja tu, upana wa kidole, zimepotea karibu lita 50. Hiyo ni mitungi miwili na nusu ya lita 20. Kama yanashuka kidole kimoja kila siku kwa sababu ya ufa, kwa siku 60 zimekwenda lita 3,000. Ni mitungi 150! Karibu theluthi ya tangi imenyweshwa nyasi. Na mnajua mtungi mmoja unauzwaje wakati wa kiangazi, na mama anatembea kiasi gani kuufuata.

Halafu mvua zikakosekana, msimu baada ya msimu, tangu mwisho wa 2020 mpaka 2022. Tangi ambalo lingetuvusha lilikuwa limekauka mapema.

SIKU TULIYOVUNJA TANGI

Hapo ndipo tulipokumbuka ule ufa. Tukataka kuuziba haraka kabla mvua haijaja. Pesa hazikuwapo. Mtu akatuambia lami inazuia maji. Si mnaona inavyozuia barabarani? Tukapata lami kidogo, tukaiyeyusha kwa petroli ili ipakike, tukampa kijana mmoja wetu brashi na ndoo. Tukamwambia, "Ingia upake." Tukaenda shambani. Sisi viongozi ndio tuliomtuma. Hatutaki mtu aseme kijana alikuwa mjinga.

Yule kijana alipaka robo ya ukuta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu kwenye mlango, unatuama chini kama maji. Akaanza kizunguzungu, akaanguka. Mtoto aliyekuwa akipita alisikia ndoo ikigonga sakafu, akaita, hakujibiwa. Akakimbia kutuita.

Mwanamume wa kwanza kufika alitaka kuruka ndani. Mama mzee akamshika shati, akamwambia, "Ukiingia tutakuwa na wawili." Maneno hayo yaliokoa nyumba mbili siku hiyo. Hatukuwa na kamba mwilini mwa kijana, hivyo hatukuweza kumvuta. Basi tukachukua nyundo kubwa na mtaimbo, tukavunja ukuta wa tangi kwa nje, karibu na chini. Ule ukuta ambao mama zetu waliubebea mchanga, tuliupasua kwa mikono yetu wenyewe. Hewa ikaingia, tukakata waya, tukamtoa kwa miguu.

Alikuwa hai. Alikaa hospitalini siku nne. Baadaye fundi alituambia jambo ambalo hatukulijua: cheche moja ya nyundo kwenye ule mvuke ingetosha kuwasha moto mle ndani. Mungu alitusitiri tu. Msituige. Tunachowaomba ni kwamba msifike mahali pa kuhitaji nyundo.

Na ile lami? Fundi alisema lami ya barabara haifai kamwe ndani ya tangi la maji ya kunywa. Tukabandua plasta yote iliyopakwa na kuitupa mbali na kisima. Kwa hiyo tulikuwa na tundu la ukuta, ukuta uliobanduliwa, na ufa wetu wa zamani bado upo. Kutoka hapo ndipo tulipojifunza kazi kwa utaratibu. Sasa sikilizeni vizuri, na mwenye kalamu aandike.

KWANZA: TAFUTENI UVUJAJI KABLA YA KUMWAGA MAJI

Watu wengi hukosea hapa. Wanamwaga maji, ndipo waanze kutafuta ufa. Ufa mwembamba hauonekani tangi likiwa kavu.

Tangi likiwa bado na maji, fungeni bomba jioni. Teremsheni fimbo kavu mpaka sakafuni, mpige alama pale maji yalipofika. Asubuhi, kabla mtu hajateka, pimeni tena. Alama ikishuka, tangi linavuja.

Kisha zungukeni nje. Tazameni unyevu, ukungu wa kijani, na michirizi myeupe kama chumvi. Ile michirizi ni maji yaliyopita ndani ya simiti na kuacha alama. Wekeni alama ya mkaa kila mahali. Angalieni na bomba: mara nyingine kinachovuja ni kipande cha mpira ndani ya bomba, na dawa yake ni kubadilisha kipande hicho tu. Angalieni pia bomba linapopita ukutani, na pale ukuta unapokutana na sakafu. Hizo ndizo sehemu dhaifu.

PILI: CHAGUENI WAKATI

Huku kwetu mvua ya kutegemewa zaidi ni ya Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo kazi hii tunaifanya Septemba, wiki ya kwanza, maji yakiwa machache. Msingoje mawingu. Simiti mpya inahitaji siku nyingi za kukomaa, na mvua haitawangojea.

Maji yaliyobaki tekeni muyaweke kwenye mitungi. Yale ya juu yaliyo safi yatumike nyumbani. Yale ya chini yenye tope yatafaa kusugulia na kumwagilia miche.

TATU: KUINGIA NDANI

Hii ndiyo sheria ya kikundi chetu, na imeandikwa kwa rangi juu ya mfuniko: HAKUNA KUINGIA PEKE YAKO.

Fungueni mlango wa tangi mapema, uachwe wazi kwa saa kadhaa hewa ibadilike. Anayeingia afungwe kamba kifuani, chini ya makwapa. Watu wawili wenye nguvu wakae nje wakishika kamba, wasiondoke hata kama wameitwa chai. Waongee naye kila mara. Asipojibu, wanavuta. Hakuna kumfuata ndani.

Msiingize petroli, mafuta ya taa, jiko la makaa, wala mashine ya kuvuta maji inayotumia mafuta. Hata mashine hiyo ikiwekwa karibu na mlango wa tangi, moshi wake unaweza kuua aliye ndani. Aliye mgonjwa, aliyelewa, mjamzito, na mtoto, hao wasiingie.

NNE: KUOSHA

Zoeni tope kwa beleshi fupi na karai. Kisha sugueni kuta na sakafu kwa brashi ngumu na maji, kuanzia juu kwenda chini. Msitumie sabuni ya unga, maana harufu na povu lake hukaa ndani ya simiti. Suuzeni, mzoe maji machafu yote kwa kitambaa mpaka sakafu ibaki safi.

Mtaona vitu. Sisi tulikuta majani, kinyesi cha ndege, mijusi miwili, na kiatu cha mtoto. Maji hayo tulikuwa tunakunywa! Mhudumu wa afya alituambia kwamba maji machafu ni njia ya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu, ugonjwa ambao umekuwa ukirudi Kenya mara kwa mara tangu mwaka 1971. Tangi la mvua halileti magonjwa hayo lenyewe. Uchafu tunaouachia uingie ndio unaoyaleta.

TANO: KUZIBA UFA

Sasa tindo na nyundo ndogo. Msipake simiti juu ya ufa kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Itabanduka msimu huo huo. Chimbeni ufa kwa tindo, upana na kina cha sentimita moja au mbili, lakini msikate waya wa ndani. Mkikuta waya wenye kutu, usugueni kwa brashi ya waya mpaka ung'ae.

Safisheni vumbi. Kisha lowesheni ufa vizuri kwa maji, kwa sababu simiti kavu ya zamani hunyonya maji ya simiti mpya, na mpya inakosa nguvu. Pakeni kwanza uji mzito wa simiti na maji, ule ambao mafundi huuita niru. Kabla haujakauka, shindilieni mchanganyiko wa karai moja la simiti kwa makarai matatu ya mchanga wa mtoni ulio safi. Mchanga wenye udongo usitumike. Maji yawe kidogo, ya kutosha kushikana tu. Mkiweza kununua dawa ya kuchanganya na simiti ili izuie maji, fuateni kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Palipo na nyufa nyingi ndogo, kwaruzeni ukuta mzima wa sehemu hiyo uwe na mikwaruzo, loweseni, pakeni plasta mpya ya kipimo hicho hicho, na siku hiyo hiyo mmalizie na niru kwa mwiko mpaka iwe laini. Kona ya ukuta na sakafu ijazwe iwe mviringo, isiwe kali.

Kwenye lile tundu letu, fundi alikwaruza plasta pande zote, akafunga waya wa kufugia kuku juu ya waya wa zamani, ukazidi tundu kila upande, ndipo akapiga plasta ndani na nje. Kiraka hicho kinaonekana mpaka leo. Tulikataa kukipaka rangi.

Ufa mpana unaoendelea kufunguka baada ya kuzibwa, au tangi lililoinama, hilo ni jambo la msingi kushuka. Hapo muiteni fundi wa matangi.

Vaeni glavu na viatu. Simiti mbichi inachoma ngozi, na ikiingia machoni osheni mara moja kwa maji mengi.

SITA: KUNYWESHA SIMITI

Simiti haitaki kukaushwa na jua. Inataka kunyweshwa. Funikeni sehemu mliyoziba kwa magunia yaliyolowa, mwagieni maji asubuhi, mchana na jioni, kwa siku 7 kwa uchache. Zikiwa zaidi ni bora. Wekeni maji kidogo sakafuni na mfunge mlango, unyevu ubaki ndani. Hapa ndipo vikundi vingi hushindwa, kwa sababu fundi ameshakwenda na kila mtu anadhani mwenzake atamwagia. Sisi tuligawana siku kwa majina.

Kuanzia hapo msiache tangi likauke kabisa hata kiangazi. Bakizeni maji kidogo chini, maana tangi kavu ndilo linalopasuka.

SABA: DAWA

Kazi ya simiti ikiisha, oshaneni na tangi mara ya mwisho kwa dawa ya klorini kama Jik, ile isiyo na manukato. Soma chupa: tunasema juu ya ile yenye nguvu ya karibu asilimia 3.5. Kikombe kimoja cha chai kwenye debe la lita 20 la maji kinatosha. Mpakaji atumie ufagio wenye mpini mrefu, mlango ukiwa wazi, kamba kifuani, na akimaliza atoke. Acheni nusu saa, halafu suuzeni mumwage. Msichanganye Jik na dawa ya kusafishia choo wala dawa nyingine yoyote. Hutoa hewa ya sumu.

Mvua ya kwanza msiipokee. Ondoeni bomba la gata, maji ya kwanza yaoshe mabati na kumwagika chini. Fagieni gata kabla. Maji ya kwanza yatakayokaa tangini yatakuwa na ladha ya simiti, basi yatumieni kwa miche au kufyatua matofali.

Baadaye, kama mna wasiwasi na maji yaliyo safi yasiyo na tope, vijiko vikubwa vinne vya Jik hiyo kwa kila lita 1,000 vinatosha. Ngojeni nusu saa ndipo mnywe. Na kila tundu liwekewe wavu wa mbu, kila mlango kufuli. Mtoto hasomi maandishi ya mfuniko.

MWISHO: TANGI LINA MWENYEWE

Watu hutuuliza, mlipata wapi pesa? Hatukupata mfadhili. Tuliamua kila anayeteka mtungi atie kidogo kwenye mkebe wa tangi, na mkebe huo usikopwe kwa harusi wala matanga. Mweka hazina ana daftari. Kwenye daftari hilo kuna kurasa mbili zaidi: moja ya alama ya maji kila Jumamosi, nyingine ya majina ya walioosha na walioshika kamba.

Paa letu la mita 10 kwa mita 5 likipata mvua ya milimita 300 kwa msimu, hata tukipoteza lita moja katika kila tano, tunavuna lita 12,000. Tangi linajaa na kuzidi. Mvua ya kutosha iko, jamani. Inapotelea kwenye ufa tuliouona na kunyamaza.

Yule kijana sasa ndiye msimamizi wa kamba. Tulimwendea yeye na wazazi wake kuomba msamaha, wakatusamehe, lakini mama yake alituambia neno moja: "Mkitaka maji, msiyatafute kwa mtoto wa mtu." Neno hilo tumelileta kwenu leo lilivyo.



Maswali ya kujadili kikundini:
1. Tangi letu lilioshwa lini mara ya mwisho? Nani anakumbuka?
2. Tukipima kwa fimbo usiku mmoja, maji yanashuka kiasi gani? Ni mitungi mingapi kwa mwezi?
3. Ni nani ameona dalili ya uvujaji akasema, na tulimjibu nini?
4. Nani atashika kamba?